Wino Mwekundu wa Mjomba Fortunat

Wembley, London
19 Januari 2025

Mjomba wangu Fortunat,

Shikamoo. Huku tumeamka salama, mimi na Lydia, ila baridi ya mwaka huu imeingia hadi kwenye vijiko. Mwanangu huyu sasa ana miaka kumi na mmoja na ananifikia begani. Nikimwambia amwandikie babu yake wa Kamachumu anaelewa kila neno, kisha ananijibu kwa Kiingereza kwamba ataandika kesho. Hiyo kesho yake ina mwaka sasa.

Senene wamefika na yule mama wa Muleba aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Asante sana. Nimewala peke yangu jikoni, mlango nimeufunga, maana Lydia anasema wanamtazama. Lakini ndani ya mfuko nilitafuta bahasha na sikuiona.

Tangu nilipokuja huku mwaka 2010 hakuna barua yangu uliyoisoma ukaiacha hivihivi. Ukimaliza kusoma unachukua kalamu yako nyekundu, unasahihisha kama daftari la darasa la sita, unaweka alama chini, na unanirudishia kwa msafiri wa kwanza. Hata nilipoacha posta nikaanza kuzipiga picha kurasa zangu na kuzituma kwa simu, wewe ulikwenda kuzichapa kwa Mwalimu Jotham, kwenye steshenari yake, ili upate karatasi ya kusahihisha. Barua zangu tatu za mwisho hazijarudi. Kama nimekukosea, niambie. Najiona kama niliyefukuzwa shule bila barua ya kufukuzwa.

Kazi ni ileile. Mwaka juzi uliniuliza ninafanya nini hasa chuoni, nikajibu "ofisi", nawe ukaandika pembeni kwa wino: Ofisi si kazi, ni chumba. Basi leo nakujibu vizuri. Wahadhiri wanaweka masomo yao kwenye mtandao wa chuo. Wapo wanafunzi wasioona, na kompyuta zao zinawasomea kwa sauti. Sauti ile inasoma maandishi, picha haizijui. Kila penye picha, ramani au grafu, lazima mtu aandike maneno ya kueleza kilichomo ili sauti iyasome. Wapo viziwi pia, wanaotaka maandishi chini ya video. Mtu huyo wa kuandika ndiye mimi, na wenzangu wawili, na chuo kina wanafunzi elfu kumi na tano.

Mwezi wa kumi na moja wakubwa walitaka masomo yafikie asilimia tisini ya kusomeka na kila mtu. Tulifika. Tukakatiwa keki. Sikuila, nilisema tumbo linanisumbua.

Nimechoka, Mjomba. Si uchovu ule wa kulala ukaisha. Nisahihishie hata mstari mmoja.

Mpwa wako anayesubiri alama,
Jeneroza


Kamachumu
8 Machi 2025

Mpwa wangu Jeneroza,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimeipata. Tu wazima. Mvua imeangusha migomba miwili upande wa kisima, lakini kahawa inapendeza. Mwalimu Jotham anakusalimu sana. Ndiye anayenichapia barua hii kwenye kompyuta yake, kwa kuwa nimeamua kwenda na wakati.

Nimefurahi kusikia kwamba senene mmewala pamoja, wewe na mwanao. Mtoto asipojua senene atamjuaje nyanya yake?

Kuhusu kalamu, wino mwekundu umeadimika huku. Usiwaze mengine. Isitoshe, siku hizi unaandika kwa urefu mno. Zamani nilikuhimiza, sasa nakuomba ufupishe.

Nina swali. Nina jirani hapa, mtu mzima wa makamo yangu. Macho yamemharibikia. La kushoto halioni kabisa, la kulia anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Umesema kompyuta zinawasomea hao wanafunzi. Je, na simu inaweza? Ya kawaida tu, si ya kifahari. Na mtu anajisikiaje, kusomewa na kitu? Waulize wanafunzi wako. Jirani mwenyewe ana aibu ya kuuliza, alikuwa mtu wa kuheshimika.

Mjomba wako,
Fortunat


Wembley
27 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Lydia alikuwa na homa wiki ya Pasaka, sasa yuko shuleni na kelele zake zimerudi. Poleni na migomba.

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Wino mwekundu umeadimika, na Mwalimu Jotham ana steshenari! Na senene nilikwambia nimewala peke yangu. Barua yangu umeisoma huku unaswaga ng'ombe?

Kuhusu jirani yako: simu inaweza. Aingie kwenye mipangilio ya simu, atafute palipoandikwa ufikivu, awashe sauti ya kusoma. Kuanzia hapo kila anachogusa kinatajwa. Siku za mwanzo atataka kuitupa shimoni. Avumilie wiki mbili. Anaweza pia kuandika kwa kuongea, simu inageuza maneno kuwa maandishi. Ila mwonye jambo moja: sauti hiyo haisomi picha ya mwandiko wa mkono. Watu wake wasimtumie karatasi zilizopigwa picha, atakachosikia ni neno "picha" basi. Wamchapie. Hili nalisema kila siku kazini mpaka midomo inakauka.

Kuhusu kujisikiaje, nilimuuliza mwanafunzi mmoja, Nishma, binti wa Harrow anayesoma mambo ya afya ya jamii. Alizaliwa haoni. Alinijibu kwamba kusomewa na kitu ni raha kuliko kusomewa na mtu, kwa sababu kitu hakichoki wala hakiruki mistari.

Huyu Nishma ndiye aliyenifanya nisile vizuri mwezi huu. Mtihani wa Januari ulikuwa na swali kubwa: eleza grafu ya malaria iliyo kwenye somo la sita. Nishma akaandika kwamba somo la sita halina grafu. Wakampa sifuri, na somo zima akafeli. Sasa ana sapu, yaani mtihani wa marudio, mwezi wa nane. Akifeli hiyo anadisko, anaondolewa chuoni, anarudi nyumbani na miaka yake miwili.

Grafu ipo, Mjomba. Ila ile programu ya kompyuta ina kisanduku cha kutia tiki kwamba picha fulani ni pambo tu, kama ua pembeni ya ukurasa. Ukikitia tiki, sauti inaipita picha hiyo kimya, na programu inaihesabu kuwa imekamilika. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa kukimbilia ile tisini, kuna mtu ofisini kwetu alitia tiki kwenye picha nyingi ambazo si mapambo. Nishma hakujua hata kama palikuwa na kitu cha kuulizia. Alikuja ofisini kwetu na fimbo yake nyeupe, akakaa kwenye kiti changu, akauliza kwa upole ni nani aliyeamua kwamba grafu ni pambo. Kila mtu alitazama kompyuta yake.

Sijui ataambiwa nini. Sitaki kuongeza, umesema nifupishe.

Jeneroza


Kamachumu
1 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole kwa homa ya mtoto. Tumeanza kuvuna kahawa, mikono yangu inanuka maganda yake hadi kanisani.

Barua yako imechelewa kunifikia, imechukua wiki tatu.

Jirani anakushukuru. Simu imekubali. Anasema sauti inasoma Kiswahili kama padri mgeni siku yake ya kwanza altareni, lakini inasoma. Siku ya pili alimpigia paroko simu mara nne bila kutaka. Sasa anasikiliza gazeti mwenyewe. Alipolisikiliza mara ya kwanza alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, akakaa huko sana.

Sasa nikuulize. Miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya watoto. Dirisha likivunjika, wapo wanaosema "nimevunja" na wapo wanaosema "kuna mtu amevunja". Hao wa pili nilikuwa sihitaji kuwauliza zaidi. Huyo mtu wa ofisini kwenu, amemwambia binti?

Sitaki kusema mengi kwa njia hii. Siko peke yangu ninapoandika.

Fortunat


Wembley
3 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeichapa. Haina picha, haina mwandiko. Nimekutumia kwenye simu yako mwenyewe, iguse kwa kidole.

Ile ya Aprili ilifika siku ileile nilipoituma, jioni hiyohiyo, nilionyeshwa kwenye simu yangu kwamba imefika. Hizo wiki tatu ilikuwa wapi? Nilikuwa ndani ya treni ya Metropolitan naelekea kazini, nasoma tena maneno yako kuhusu huyo jirani aliyekwenda kukaa nyuma ya nyumba, na ghafla nikaona jinsi nilivyo mjinga. Nikapitiliza vituo viwili.

Mjomba, jirani ni nani?

Siku nzima nawafokea wahadhiri, maprofesa wazima, kwa kumtumia mtu asiyeona karatasi iliyopigwa picha. Nikirudi nyumbani naandika kurasa nne kwa mkono, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua ya heshima ni ya mkono, nazipiga picha, nakutumia. Halafu nalalamika hunirudishii alama. Naona aibu hata ya kukuomba radhi.

Nami nina langu. Huyo mtu ni mimi. Sunil, mkubwa wangu, mtu wa hapa Harrow ambaye baba yake alikuwa na duka Mwanza, alisimama mezani kwangu akaniambia, "Jeneroza, tick tu decorative, tutarudi baadaye, deadline ni Friday." Tiki ni za mkono wangu. Somo lile la Nishma lina picha sitini na tatu, zote niliziita mapambo kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha ndizi. Hatukurudi baadaye. Nishma alipokaa kwenye kiti changu nilimletea maji ya kunywa.

Nikisema ukweli nitapoteza kazi labda. Nina mtoto. Nimechoka, na uchovu ndio ulionifanya nitie tiki, na sasa uchovu huohuo unaniambia ninyamaze.

Jeneroza


Kamachumu
4 Juni 2025

Jeneroza,

Barua hii naiandika peke yangu kwa mdomo. Jotham hayupo. Kama kuna makosa ni ya simu, na mengine ni yangu.

Jirani ni mimi. Ni presha ya macho. Ilianza mwaka juzi, daktari akasema nimechelewa, akanipa matone ya kulinda hicho kidogo kilichobaki. Nacho tangu Krismasi hakisomi tena herufi. Barua zako Jotham alikuwa ananisomea, na Jotham ana shughuli zake. Alipokwenda Mwanza kwa mwanawe nilikaa na barua yako wiki tatu mfukoni. Akisoma anaruka. Mahali penye mzaha anapita. Mahali unapolia anapunguza sauti na kusema "hapa anasalimia tu". Sikuweza kukujibu ya moyoni, maana yangepita kwanza masikioni mwake na vidoleni mwake.

Sikukwambia kwa sababu moja tu, wala si nzuri. Kwako mimi ni kalamu nyekundu. Nilijiuliza, kalamu ikiondoka kinabaki nini? Mzee wa kuulizwa kama amekula. Kwa hiyo nikakudanganya kuhusu wino, mimi niliyekuchapa viboko kwa uongo mdogo kuliko huo. Nisamehe.

Sasa sikiliza, maana nina haki ya kusema. Miezi mitano nimeishi alikoishi huyo binti. Mtu ananipita na kitu mkononi, anaamua si lazima nikijue. Hafanyi hivyo kwa ubaya, amechoka au ana haraka. Huwa silii kwa kutoona. Huwa nalia ninapogundua, wiki tatu baadaye, kwamba kulikuwa na jambo na sikuambiwa kwamba lipo.

Nenda kwa Nishma. Usimpelekee maji. Mwambie ni wewe, na umwandikie hizo picha zote kabla ya mwezi wa nane. Ukipoteza kazi, njoo, kahawa haina mvunaji. Sitakusahihishia barua hata moja mpaka umalize.

Mjomba wako


Wembley
31 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Umeuliza mara mbili kwa simu nami nikasema "tutaongea". Nilitaka niandike yakiwa yamekamilika.

Nilimwambia Nishma tarehe tisa Juni, kwenye kantini ya chuo, mbele ya sahani yake ya chipsi. Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza tu kama nilijua jina lake nilipokuwa natia zile tiki. Nikasema hapana. Akasema, "Nilifikiri hivyo," akaendelea kula. Hajanisamehe, na sikumwomba mara ya pili.

Siku hiyohiyo nilimwambia Sunil. Alikaa chini, akashika kichwa. Nilitegemea atanikana. Akasema kwa Kiswahili chake cha Mwanza, "Sasa dada, tufanye nini?" Akaandika barua kwa wakubwa na kuweka jina lake juu ya langu. Zile tiki za uongo ziliondolewa chuo kizima, asilimia tisini ikashuka hadi hamsini na nane. Hakuna aliyetukatia keki. Wote wawili tumepewa onyo, na mkataba wangu unaisha Desemba, hakuna anayeniambia kama utaendelea. Mara nyingine naona hata wao hawajui.

Zile picha sitini na tatu nimeziandika. Grafu ya malaria ilinichukua siku mbili. Naandika, namtumia Nishma, ananirudishia: hii haieleweki, mstari unapanda kutoka wapi, unashuka mwaka gani, usiniambie rangi niambie namba. Anasahihisha kama mtu ninayemjua. Ya mwisho ilikubaliwa siku sita kabla ya sapu.

Matokeo yametoka juzi. Amepita. Hamsini na nne, mstari wa kupita ni arobaini. Aliniandikia neno moja tu, "Nimepita," na saa moja baadaye akaongeza kwamba somo la mwaka wa tatu lina picha themanini na anazitaka mapema. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia, Mjomba, kwa furaha na kwa kuchoka, sikuweza kuvitenganisha.

Basi nimemaliza, na nadai haki yangu. Nimekuwekea picha moja pamoja na barua hii, na maelezo yake haya hapa uyasikie:

Maelezo ya picha: Barua thelathini na moja za karatasi zimetandazwa juu ya kitanda. Zimeandikwa kwa wino wa bluu na kusahihishwa kwa wino mwekundu. Upande wa kulia kuna mkono wa mtoto.

Mpwa wako,
Jeneroza


Kamachumu
1 Septemba 2025

Mpwa wangu Jeneroza,

Marahaba. Barua yako nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nyuma ya nyumba. Jotham alipita akauliza kuna habari gani kutoka London. Nikamwambia anasalimia tu.

Umefanya vizuri. Nalisema mara moja, usitegemee kulisikia tena. Mwambie huyo binti kwamba kuna mzee huku anamwonea wivu kalamu yake. Na kazi ikiisha Desemba, msimu wa senene utakuwa haujaisha, njooni mle kwa pamoja kweli, maana safari ile ulikula peke yako ukiwa umefunga mlango. Hilo nalo nimelijua kwa kuchelewa.

Sasa masahihisho. Barua yenyewe ni ndefu lakini haina pa kukata. Nimekusamehe.

Maelezo ya picha ni mabaya. Umehesabu karatasi kama karani wa posta. Mkono wa mtoto ni wa Lydia? Basi sema ni wa Lydia. Unafanya nini hapo, umeshika barua, au unapita tu kuchukua kitu? Anasoma? Na wino. Kalamu nilizokuwa nanunua zilikuwa mbovu, na barua ya kwanza ni ya mwaka 2010. Bado unasomeka, au umefifia? Hicho ndicho ningekitazama kabla ya vyote.

Alama tano kwa kumi. Rudia, unitumie.

Mjomba wako,
Fortunat